Viti Visivyopigiwa Kura: Chaguzi za Baraza la Kaunti ya London, 1889–1965



Baraza la Kaunti ya London liliishi miaka 76 na kuchaguliwa mara 22. Kwa kawaida historia yake husimuliwa kwa zamu tatu: Progressive, waliokuwa karibu na Waliberali, walitawala hadi 1907; wahafidhina, kwa jina la Municipal Reform, wakashika hadi 1934; kisha Labour ya Herbert Morrison ikashinda kwa viti 69 dhidi ya 55, na haikung'oka tena hadi baraza lilipovunjwa. Masimulizi hayo ni sahihi, lakini yanawasahau watu ambao mpiga kura hakuwachagua.

Uchaguzi wa kwanza, Januari 1889, ulitoa madiwani 118: wawili kwa kila jimbo la bunge, na wanne kwa City of London. Juu yao sheria iliweka madiwani wazee 19, waliochaguliwa na madiwani wenyewe. Hawa walikaa miaka 6, ilhali diwani wa kawaida alikaa 3. Kwa hiyo kila baraza jipya lilikuta ndani ya ukumbi watu waliowekwa na baraza lililopita.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 1895. Progressive walipata viti 59, wapinzani wao 59. Madiwani wazee waliowekwa mwaka 1892, Progressive walipokuwa wameshinda kwa kishindo, walikuwa bado wamekaa vitini, na baraza likabaki mikononi mwa Progressive. Mwaka 1949 mambo hayo yakajirudia: Labour 64, Conservative 64, Mliberali mmoja. Safari hii pia waliokuwa madarakani walibaki, kwa nguvu ya madiwani wazee. Mpiga kura wa London aliyetaka mabadiliko katika chaguzi hizo mbili alizuiwa na kura zilizopigwa miaka mitatu nyuma. Mimi naona hilo ni kosa, hata pale ninapokipenda chama kilichonufaika.

Hata hivyo sitaki kukificha kisa cha wanawake. Mwaka 1889 wanawake wasio na waume, waliolipa kodi za nyumba, waliruhusiwa kupiga kura. Lady Sandhurst alishinda Brixton na Jane Cobden akashinda Bow and Bromley. Emma Cons akaingizwa na wenzake kuwa diwani mzee. Mgombea aliyeshindwa Brixton alikwenda mahakamani, na mahakama ikaamua kwamba mwanamke hawezi kuwa diwani. Lady Sandhurst akapoteza kiti, na aliyeshindwa akakikalia. Cobden hakupingwa kwa wakati, akabaki na kiti chake, ila alipopiga kura barazani alishtakiwa na kutozwa faini. Sheria ilibadilishwa mwaka 1907, na mwaka 1910 Susan Lawrence na Henrietta Adler wakachaguliwa. Njia ya kuteuana, basi, iliwahi kumfungulia mlango mwanamke, lakini haikuweza kumlinda alipokwisha kuingia.

Cheo hicho cha diwani mzee kilifika hata kwetu: Baraza la Jiji la Nairobi lilikuwa nacho. Uingereza yenyewe ilikifuta katika mabaraza ya kaunti mwaka 1974, na katika baraza lililoirithi kaunti ya London mwaka 1977. Naiomba semina hii, itakapofika kwenye kanuni za viti vya kuteuliwa, ianze na kipengele cha muda wa kukaa kitini.