Ruzuku ya Watoto Wetu Tuidai kwa Maandishi

Vijana wa Endarasha! Utafiti wa serikali wa 2022 ulionyesha kwamba Kenya, kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 32 hufa kabla ya kutimiza mwaka, na 21 kati yao hawamalizi hata mwezi. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima. Sisi Waislamu wachache wa huku Kieni hatuonekani ndani yake.

Msikiti ukichanga petroli ya kumkimbiza mja mzito hospitali usiku, alhamdulillahi. Lakini Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema afya ni haki. Haki gani hiyo ya harambee kila mwaka?

Kisheria, makadirio ya bajeti yafike bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kaeni mapema na wahudumu wa afya ya jamii, mhesabu nyumba kwa nyumba. Kisha pelekeni ombi la ruzuku ya usafiri kwenye kikao cha maoni, na msiondoke kabla nakala yenu haijapigwa muhuri.