Funga Mtungi Kabla Fundi Hajaingia Jikoni

Mazungumzo na wakazi wa Butimba, Mwanza



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kazi ya dakika chache tu, nayo ni kutenganisha jiko la gesi na mtungi wake nyumba inapokarabatiwa. Zamani fundi alipofika kupiga lipu jikoni, jiko la mkaa lilitolewa uani, chakula kikapikwa huko na kazi ikaendelea. Leo majiko ya gesi yanaongezeka. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lakini mazoea ya jiko la mkaa bado tunayo: fundi hufika, huusukuma mtungi pembeni pamoja na mpira wake, kisha huanza kubomoa.

Zipo nyumba jijini Dar es Salaam zinazopokea gesi asilia kwa bomba. Hapa Mwanza gesi yetu huja kwa mtungi, wala hakuna mtumishi wa kampuni atakayekuja kuifunga siku ya ukarabati. Anayepaswa kuifunga ni mwenye jiko mwenyewe, na aifunge kabla fundi hajaingia.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni, ikajikusanya mahali pa chini: kwenye chemba, mtaro au shimo la msingi. Katika mji huu wa mawe, ambamo nyumba nyingi zimejengwa kwenye miinuko, gesi iliyovuja kwako yaweza kuteremka hadi mlangoni kwa jirani wa chini. Cheche moja ya grainda yatosha kuiwasha.

Kwa hiyo tunawaomba mfuate utaratibu huu.

Kwanza, washeni plate moja ya jiko, kisha fungeni gesi kwenye mtungi, jiko likiwa bado linawaka. Koki ya kuzungusha hufungwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Regulata yenye swichi hugeuzwa hadi mahali pa kuzima. Mwali utapungua na kufa wenyewe, kwa kuwa gesi iliyobaki ndani ya mpira imeungua. Hapo ndipo mfunge vitufe vyote vya jiko. Kuzima jiko peke yake hakutoshi, maana mpira hubaki umejaa gesi.

Mwali ukiendelea kuwaka baada ya dakika moja au mbili, mjue mtungi haujafunga. Zimeni jiko, msiing'oe regulata, na muiteni wakala aliyewauzia mtungi.

Pili, ng'oeni regulata milango na madirisha yakiwa wazi, na pasiwepo moto wowote karibu. Ndugu mafundi, baadhi ya nati za regulata hufunguka kinyume na nati za bomba la maji. Msilazimishe kwa spana kabla ya kuangalia nati inaelekea wapi.

Tatu, rudisheni kizibo cha mtungi, mwutoe nje na kuuweka wima, kivulini, mahali penye hewa, mbali na mtaro, chemba na sehemu ya kuchomea vyuma. Msiulaze. Mtungi mnaouita mtupu nao utunzwe vivyo hivyo, kwa sababu haukosi masalia ya gesi.

Harufu kali mnayoisikia imetiwa kwa makusudi ili ituonye. Mkiisikia, msiguse swichi ya taa, iwe ya kuwasha au ya kuzima. Fungeni mtungi iwapo mnaufikia bila hatari, fungueni milango, tokeni wote, na mkiwa mbali na nyumba pigeni 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Siku ya kurudisha jiko nayo ina mambo yake. Mpira wenye nyufa au uliokakamaa utupwe. Jiko likihamia mbali na mtungi, msiunge vipande viwili vya mpira, wala msiupitishe mpira ndani ya ukuta, ambako panya atautafuna pasipo mtu kuona. Anayetaka mtungi ukae nje ya nyumba amtafute fundi wa gesi mwenye ujuzi, amfungie bomba la chuma linalofaa. Baada ya kuunganisha, pakeni povu la sabuni kwenye maungio: likitoa mapovu, gesi inavuja. Kamwe msipime kwa kiberiti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jikoni penye gesi, ndugu zetu, yako matundu yasiyofaa kuzibwa. Ukarabati wa siku hizi huleta dari la jipsamu na madirisha ya aluminiamu, na mara nyingi matundu ya hewa hupotea chini ya lipu. Mwambieni fundi aache tundu moja karibu na sakafu, gesi iliyovuja ipate njia ya kutoka nje, na jingine juu kwa ajili ya joto na moshi.

Neno la mwisho ni kwa wenye nyumba za kupangisha. Mtungi ni mali ya mpangaji, na yeye ndiye aujuaje unavyofungwa. Msimwingize fundi jikoni kwake akiwa kazini au sokoni. Mpeni taarifa siku moja kabla, aufunge na kuutoa kwa mkono wake. Taarifa hiyo haina gharama, nayo yaweza kuokoa nyumba yenu na watu waliomo.