Maadili ya Kikristo Huanzia Katika Mazungumzo ya Nyumbani

Hotuba ya askari wa uhusiano wa jamii kwa wazazi Wakristo nchini Uganda, baada ya ibada ya Jumapili



Tunawashukuru kwa kutupatia dakika hizi chache. Hatukuja kuhubiri, kazi hiyo ina wenyewe. Tumekuja kueleza tunayoyaona kituoni, na kuwaomba msaada ambao sisi askari hatuwezi kujipatia.

Mara kwa mara mzazi huingia kituoni akiwa amemshika mtoto wake mkono. Mtoto ameiba fedha nyumbani, au amechukua simu ya jirani. Mzazi husema: "Afande, mfungie hata usiku mmoja tu, apate adabu." Hatumfungi. Kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya Uganda, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai, na hata aliyezidi umri huo hapaswi kuzuiliwa pamoja na watu wazima. Tena, hata kama sheria ingeruhusu, usiku huo ungemfundisha mtoto kuogopa kukamatwa; usingemfundisha kuchukia wizi. Hilo hufundishwa nyumbani.

Hufundishwaje? Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, kinawaagiza wazazi wazungumze na watoto wao juu ya amri za Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Hizo ni saa za kawaida za kila familia: tunapomenya matoke, tunapokwenda kuchota maji, tunapowasindikiza watoto shuleni.

Tuchukue habari ya Zakayo katika Injili ya Luka, sura ya 19. Watoto huipenda kwa sababu ya mti alioupanda, na wengi wetu huishia hapo mtini. Tuwaulize: aliposhuka, aliahidi nini? Aliahidi kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu. Kisha tuulize tena: "Kama wewe ungekuwa umechukua kalamu ya mwenzako, ungefanyaje?" Hapo tunyamaze, tusubiri. Jibu ambalo mtoto amelitafuta mwenyewe hukaa moyoni kuliko lile alilokaririshwa. Na ikiwa kweli amechukua kitu cha mtu, tuandamane naye hadi kwa mwenyewe, akirudishe kwa mkono wake na kuomba radhi.

Tusijisahau sisi wakubwa. Mwenye nyumba anapokuja kudai kodi, nasi tukamtuma mtoto mlangoni aseme kwamba baba hayupo, tumebomoa kwa neno moja mafundisho ya mwaka mzima. Afadhali tutoke, tukiri deni, tuombe siku chache. Mtoto anasikiliza.

Jambo la mwisho ni zito zaidi. Mtoto anayepigwa kila anaposema kweli hujifunza kunyamaza. Siku atakapodhulumiwa mwilini na mtu mzima, awe jirani, ndugu, au hata mtu anayeheshimiwa kanisani, atanyamaza vilevile. Sisi huletewa habari baada ya miezi, ushahidi umekwisha kupotea na mtoto ameumia peke yake muda wote huo.

Kwa hiyo, mtoto akisema, msimkatize wala kumlaumu. Msimwogeshe, msizifue nguo zake. Mleteni upesi hospitali au kituo cha polisi, mkamwulizie askari wa Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Inawezekana pia kupiga simu nambari 116, bila malipo. Na tafadhali, familia mbili zisikae faraghani kuyamaliza kwa mbuzi au kwa fedha, zikisema kwamba Mkristo husamehe. Msamaha ni agizo la Bwana, nasi hatulipingi. Lakini kusamehe si kuficha. Aliyefichwa leo, kesho atamdhuru mtoto mwingine.

Wazazi wetu, samaki mkunje angali mbichi. Lakini mkunjeni kwa upole, asije akavunjika. Baba wa mwana mpotevu alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia kabla hajamaliza maneno ya toba. Mtoto anayejua kwamba nyumbani kuna mzazi wa namna hiyo atarudi na kusema, hata akiwa amekosa sana.

Tunawaomba jambo moja tu. Usiku wa leo, kabla ya sala, kila mtoto aulizwe: "Leo ni jambo gani lililokusumbua moyoni?" Kisha simu ziwekwe kando, asikilizwe hadi mwisho. Tukilifanya hili sote, maana sisi askari nasi ni wazazi, watoto wengi hawatahitaji kamwe kuletwa kituoni.

Mungu azibariki nyumba zenu. Kwa Mungu na Nchi Yangu.