Tuambiane Habari za Kweli

Masomo: Wakolosai 4:7-9, Wafilipi 2:25-30, 2 Timoteo 4:20



Mvua imerudi. Malaria imeingia katika nyumba nyingi, na watoto wanaharisha. Huku baba amerudi kutoka kareri za Kolwezi mikono mitupu, kule wangali kwenye kilio. Lakini siku ya yenga, mbele ya kanisa, tunaulizana habari na sisi wote tunajibu: “Muzuri tu, Mungu ni mwema.” Mungu ni mwema kweli. Lakini mara nyingi jibu hilo linaficha mateso.

Kwa nini tunaficha? Kati yetu Wapentekote kuna woga: mutu akisema yeye ni mugonjwa, wengine watasema hana imani, ao ana zambi ya siri.

Tuangalie mutume Paulo. Akiwa katika kifungo, alimutuma Tikiko kwa Wakolosai kusudi awaambie habari zake zote, si zile nzuri peke yake. Kwa Wafilipi aliandika wazi kwamba Epafrodito aligonjwa karibu kufa. Kwa Timoteo aliandika kwamba alimuacha Trofimo kule Mileto akiwa mugonjwa. Vitambaa vilivyogusa mwili wa Paulo viliponyesha watu (Matendo 19:12), na hata hivyo mwenzake alibaki Mileto na ugonjwa wake. Paulo hakusema Trofimo amekosa imani. Alisema habari kama ilivyokuwa.

Hatujasahau mwezi wa 3, 2022. Treni ya mizigo ilianguka karibu na Buyofwe, hapa katika teritware yetu ya Lubudi. Watu 75 walikufa na 125 waliumia. Habari ya namna ile ikifika, mutu anauliza haraka: walifanya zambi gani? Yesu alikwisha kujibu juu ya wale 18 walioangukiwa na munara wa Siloamu: hawakuwa wenye zambi kupita wengine (Luka 13:4).

Basi, inafaa tufanye nini?

Kwanza, tuseme kweli mapema. Mama mwenye mutoto wa homa asingojee ibada ya katikati ya juma. Tuombe naye pale pale, kisha tumusindikize kwenye senta ya afya siku ile ile. Malaria inaua mutoto mudogo kwa haraka, na kupimwa damu si kukana imani. Mutoto akiharisha, tumupe kidogo kidogo lita 1 ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, tukiwa njiani kwenda kwa munganga.

Pili, habari isiishie kwenye midomo. Epafrodito hakumupelekea Paulo salamu tu. Alipeleka zawadi (Wafilipi 4:18). Katika hopitali zetu, chakula cha mugonjwa kinatoka nyumbani. Sahani ya bukari, ndoo ya maji, usiku mumoja wa kulinda mugonjwa kusudi mama yake alale: hayo nayo ni maombi.

Tatu, tusitafute mulozi. Kifo kikiingia mara mbili katika nyumba moja, vidole vinaelekea kwa bibi muzee ao kwa mutoto yatima. Hapo tunaongeza kilio juu ya kilio. Sheria ya inchi yetu ya 2009 ya kulinda watoto inakataza kumushitaki mutoto kwa ulozi. Na sisi wachungaji, tusitie jina la jirani katika unabii.

Juma hili, kila mumoja wetu aende katika nyumba moja. Tuulize habari, tuketi, tungojee mpaka jibu la pili, lile la kweli.

Bwana Yesu, wewe unajua habari zetu zote. Uponyeshe wagonjwa, ufariji wenye kilio, utupe miguu ya kwenda kwao. Amina.