MANENO YA MZEE WETU WA VITA VYA KAGERA
(Aliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama)



Mwalimu alipozungumza na wazee ukumbini Diamond Jubilee, Upanga, Novemba 1978, mimi na mwenzangu tulikuwa mgambo hapa hapa kijijini. Tukaenda wote. Machi 10, 1979, kule Lukaya, Uganda, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitumiminia makombora, kikosi kikatawanyika kwenye kinamasi. Mimi mguu umeumia. Jamaa akabeba bunduki mbili, yangu na yake, akanisukuma nitangulie. Nafika pakavu, nageuka, hayupo.

Kesho yake jeshi letu likawarudisha nyuma. Aprili 11 Kampala ikaanguka, na watu wanasimulia Kampala tu!

Mjane wake ni mwanachama mwenzetu, mgongo umekataa jembe. Jumamosi tunampalilia mahindi. Na mguu wangu huu, saa kumi na mbili nitakuwa shambani.