Mistari Nayo Husomwa

Leo tuzungumze juu ya mistari inayozungushiwa maneno gazetini. Nayo ina maana yake.

Tukiona picha ya mtu imezungushiwa mstari mweusi mnene, mara nyingi ni tanzia, yaani taarifa ya kifo. Mstari wa vidoti wenye alama ya mkasi unatuambia: kata hapa. Vidoti bila mkasi ni mahali pa kuandika jina au kutia sahihi. Tusitie sahihi kabla ya kusoma yaliyo juu yake!

Je, maneno yaliyomo ndani ya kisanduku? Mengi ni matangazo, na tangazo hulipiwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Tusije tukadhani sifa za dawa ni habari, tukauza kuku kuinunua. Tuulize kwanza: nani anasema, naye anataka nini?