Tulichokiona Unguja
(Hotuba iliyosomwa na mwanachama siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yetu ya Unguja ya mwaka 2018. Wengi mmejiunga baadaye, kwa hiyo wale wa zamani mnivumilie.

Safari ile nusura itugawe. Fedha zilitoka kwenye faini na michango yetu wenyewe, na wapo waliosema, "Tumejinyima miaka 3, leo tukaangalie magofu?" Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilinung'unika mpaka bandarini.

Tuliondoka Dar es Salaam na boti ya asubuhi, saa tatu tukawa Malindi. Daladala tuliyokodi ikatupeleka kwanza Mtoni, kaskazini ya mji, lilipokuwa jumba la Seyyid Said, Sultani aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Omani. Zimebaki kuta, na bahari iko mbele yake. Mtembezaji wetu alisema zamani ua wa jumba lile ulikuwa na tausi, swala na mbuni wakijitembelea. Tukacheka, maana sisi kuku wawili tu wanatushinda.

Tukarudi hadi Maruhubi, alipojenga Seyyid Barghash. Jumba lile liliungua mwaka 1899. Ziko nguzo nene zimesimama bila dari, na mabwawa ya maji bustanini. Tulikaa kivulini tukala vitumbua vyetu.

Mjini tulilitazama Beit al-Ajaib kwa nje tu. Lilijengwa mwaka 1883, lakini siku ile lilikuwa limefungwa kwa ubovu. Na kweli, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wakapoteza maisha. Nilipopata habari ile nililia, kwani tulikuwa tumepiga picha mbele yake.

Halafu tukaingia makumbusho ya jumba la kifalme, pale pale mbele ya bahari. Basi jamani, mimi niliyenung'unika ndipo nilipopata changu.

Mle ndani mlikuwa na chumba cha habari za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Mtembezaji akatueleza kwamba zama zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma, lakini kuandika hapana. Salme akajifundisha kwa siri. Aliweka Msahafu mbele yake, akaiga herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama ubao. Alipofika miaka 15, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, yeye ndiye aliyewaandikia barua zao. Kalamu hiyo ilimtia matatani kweli kweli. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapwa kwa Kijerumani. Mambo mengi ya Mtoni, hata wale tausi, tunayajua kwa sababu yeye aliandika.

Nikamuuliza yule kijana, "Na wale watumwa waliopika, waliofua na kuteka maji, wao waliitwa nani?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, majina yao wengi hatunayo."

Neno lile lilinichoma. Tulipopumzika bustani ya Forodhani, ile iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya miaka 25 ya Sultani Khalifa, wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilimvuta shoga yangu kwenye kiti nikamwambia siri yangu. Nilikuwa sijui kusoma wala kuandika. Kila wiki nilinunua hisa 5, nikaweka dole gumba, na nyumbani nikatia kunde 5 ndani ya kopo. Wakati wa mgao wa mwaka 2017 nilihesabu kunde zangu, kitabu kikawa pungufu kwa hisa 10.

Akasema, "Mbona hukusema?"

Nikamjibu, "Ningesema nini, shoga? Nipeleke kunde kushindana na kitabu?"

Alinishika mkono, hatukusema tena mpaka boti ya jioni.

Wiki ile ile mjukuu wangu wa darasa la 4 alianza kunifundisha. Nilikuwa na miaka 52. Nilianza na jina langu, kisha tarakimu, kisha majina ya wiki na miezi. Mwaka 2019 nilimwomba katibu tufungue kitabu cha zamani, nikasoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Tukaziona wiki 2 ambazo katibu alikuwa anauguza, na aliyemshikia kalamu alisahau kuandika hisa zangu. Hakuna aliyeiba. Kikundi kilinilipa mbele ya wote, na mwaka 2021 mkanichagua mhesabu fedha.

Akina mama, bado wapo kati yetu wanaoweka dole gumba. Nawajua, maana nawaona wanavyogeuza uso kitabu kinapofika. Msione haya. Binti wa Sultani mwenyewe alijifundisha kwa kujificha, nanyi hamna haja ya kujificha. Naomba mwaka huu wa 11 tutenge nusu saa kabla ya kila mkutano, anayejua amfundishe asiyejua. Mimi nitakuwa wa kwanza kufika, na kalamu nitakuja nazo.

Hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu. Herufi zilizopinda katibu amezinyoosha, lakini maneno ni yangu.